Mtoto wa Siku Sita

Vidonge vya homa viliisha saa kumi na mbili kasoro jioni. Vingeisha asubuhi, nisingekuwa na la kusimulia.

Tulikuwa tunakaa Igogo, kule juu kwenye mawe, mimi na mwanangu Luhaga na mkewe Nice. Ilikuwa mwaka tisini na tano. Luhaga alikuwa amepata kazi ya kupasua sangara kiwandani, na mimi nilikuwa nimehamia kwake tangu mume wangu afariki. Nice ni Mhaya, mwalimu, mtoto wa watu wa kanisa. Siku sita kabla ya jioni hiyo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mzao wa kwanza.

Tangu atoke hospitali tulikuwa tunavutana juu ya jambo moja tu.

"Mama, nesi amesema nimtoe nje kila asubuhi, nusu saa, apate jua. Ana manjano kidogo."

"Mjukuu wangu si dagaa wa kuanikwa juu ya mawe."

Luhaga alicheka. Nice hakucheka.

"Ni kutembea naye kidogo tu, Mama. Mpaka kwa Mama Teodora na kurudi."

"Kwa Teodora patakuwepo hata mwezi ujao. Mtoto hatoki mpaka kitovu kidondoke."

Sikuwa namkomoa. Kwetu mtoto mchanga akiwa bado na kile kipande cha kitovu, hajawa wa mtu. Kikidondoka, kinafukiwa nyumbani, ndani ya ua, na hapo ndipo mtoto anakuwa wa nyumba hiyo. Halafu anatafutiwa jina. Analia, mnamtajia majina ya waliotangulia, moja moja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Wa kwetu alikuwa hajafika huko. Kitovu kilikuwa kimekauka, kimening'inia kwa uzi tu. Jina hana.

Kwa hiyo ujue kwamba sheria niliijua. Nilimfundisha mkwe wangu kwa ukali. Halafu nikaivunja mwenyewe.

Jioni ile titi la Nice lilikuwa limevimba, jekundu, limewaka moto. Alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili na meno yanagongana. Luhaga yuko zamu. Nikaenda kugonga kwa jirani yetu Teodora anishikie mtoto, nikakuta kufuli. Mtoto naye analia, analia, na kila akilia mama yake anataka kuinuka.

"Lala," nikamwambia. "Nakwenda naye. Dakika ishirini."

"Mama... si ulisema..."

"Nilisema wewe. Mimi ni mtu mzima."

Nikampaka masizi ya chungu kwenye paji la uso, ya kumkinga na macho mabaya. Nikamfunga mgongoni, nikamfunika kichwa na kanga ya pili. Nikashuka.

Anayeijua Igogo anajua njia zake. Ni kupita katikati ya mawe, mengine makubwa kuliko nyumba. Chini kuna barabara, na ng'ambo ya barabara kuna ziwa. Wanawake walikuwa wanakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani, vichwa na miiba, na moshi wake ulikuwa umetanda mpaka macho yanatoa machozi. Redio kila kibanda. Mitumba imetundikwa hata kwenye miti. Nilifika duka la dawa, nikapewa vidonge, nikageuka. Mtoto alikuwa hajanyamaza hata mara moja.

Kurudi nikapita njia ya nyuma, ya mkato, inayoanzia ukingoni mwa ziwa. Jua lilikuwa limeshazama ila mwanga bado upo, ule wa kuona mtu bila kumtambua.

Kwanza harufu ya mapanki ikakatika.

Hivi hivi tu, kama mtu amefunga mlango. Ikaja harufu nyingine. Gunia lililolowa. Gunia lililolowa likakaa siku nyingi bila kuanikwa.

Redio nazo sikuzisikia tena.

Halafu miguu nyuma yangu. Pwa... pwa... Miguu iliyolowa inayokanyaga jiwe kavu. Na mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Shikamoo, mama."

Sauti ya mwanamke. Kijana. Lafudhi ya kwetu kabisa, ya huko ng'ambo ya Kisesa.

"Marahaba," nikasema, bila kugeuka. Njia ni nyembamba na mimi nina mzigo.

"Mtoto analia."

"Nimesikia. Yuko mgongoni kwangu, si kwako."

Miguu ikaendelea. Pwa... pwa...

"Ana siku ngapi?"

"Sita."

"Kitovu?"

"Bado."

"Wa kwangu pia alikuwa na sita."

Ningekuwa na masikio, ningelisikia lile *alikuwa*. Lakini mimi nina mdomo, masikio nilinyimwa. Nilikuwa nimechoka, mtoto ananipigia kelele shingoni, na mtu nisiyemjua ananihoji kama karani wa sensa.

"Mmemwita nani?" akauliza.

"Hana jina," nikasema. "Kama wewe unalo, mpe."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Ilikuwa kejeli, kila mtu wa Igogo angejua ni kejeli.

Miguu ikasimama. Yangu nayo ikasimama, sijui kwa nini.

"Mayala," akasema.

Mtoto akanyamaza.

Hakupunguza kilio kidogo kidogo. Alikatika katikati ya kilio, mdomo wazi. Mayala ni jina la kawaida kwetu, wanapewa watoto wa mwaka wa njaa, nimewajua akina Mayala kumi. Lakini pale nywele zilinisimama.

"Amelegea mgongoni," ile sauti ikanong'ona, karibu sana. "Ngoja nikuwekee vizuri."

Vidole vikaingia kwenye kanga. Baridi yake ilipenya mpaka kwenye uti wa mgongo. Maji yakanitiririka shingoni. Nilitaka kugeuka na shingo ikakataa. Vidole vilipapasa, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe...

Vikatoka.

Nilipoweza kugeuka alikuwa ameshashuka, anaelekea ziwani kati ya mawe mawili. Niliona mgongo wake tu. Hakuvaa kanga. Alikuwa amejifunga gunia, gunia la pamba, lile la kamba za katani lenye chapa nyeusi. Linachuruzika.

Nilipanda ule mlima kama msichana.

Nyumbani nikamfungua mtoto juu ya kitanda. Nguo zake zililowa chapachapa.

"Amekojoa," Nice akasema.

Nikanusa. Maji ya ziwa, na magugu.

Nikafunua tumbo. Kitovu hakipo.

Palikuwa pamefunga, pamekauka, safi kama pa mtoto wa mwezi mzima. Nikakung'uta kanga zote mbili. Nikachukua kibatari nikapiga magoti mpaka mlangoni. Hakuna.

"Kimedondoka njiani, Mama," Nice akasema, anameza vidonge. "Kilikuwa kimeshakauka. Ndiyo kawaida yake."

"Ndiyo," nikasema.

Usiku ule mtoto hakunyonya. Kesho yake hakunyonya. Titi la Nice lilikuwa limeanza kupoa, la pili zima kabisa, maziwa yanamwagika yenyewe, na mtoto anaangalia ukuta. Halii. Hilo ndilo lililokuwa baya. Mtoto mwenye njaa analia, na huyu alikuwa ametulia kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Tukaanza majina. Nilimtajia Nkwabi, jina la marehemu mume wangu. Kimya. Nice akamtajia Muganyizi, baba yake. Kimya. Luhaga akaleta Jonathan, sijui kalitoa kwa nani. Teodora alikuja na orodha ya watakatifu mpaka nikamuuliza kama kanisani wamebakiza wengine. Mtoto anaangalia ukuta.

Siku ya pili Nice alimpeleka kliniki. Wakampima, wakamgeuza, wakasema hawaoni ugonjwa, ila amepungua, na akiendelea hivi siku mbili nyingine hatafika. Nice alirudi amembeba kifuani, ndani ya kanga. Akakaa kitandani. Akaniangalia.

"Mama. Jioni ile ulikutana na nani?"

Nikamwambia. Yote, pamoja na kejeli. Nilipofika kwenye gunia, nikalirudia lile neno mara mbili.

Kwa sababu nani anavaa gunia mwaka tisini na tano? Mitumba imejaa, kanga unachagua rangi. Magunia tuliyavaa ile miaka ya shida, themanini na tatu, themanini na nne, duka la ushirika lina rafu tupu na viberiti. Mwanamke alikata gunia la pamba, akafua mpaka likalainika, akajifunga. Hata mtoto alifungwa humo.

Nikakumbuka.

Kijijini kwetu alikuwako mke wa Masele. Mdogo, mgeni wa kijiji kingine, hana ndugu pale. Alikuwa anapikia mavi ya ng'ombe kama sisi sote, na moshi ulimkaa machoni kuliko sisi. Mekundu, na kwetu macho mekundu ya mwanamke ni dalili ya uchawi. Mwaka ule mtoto wa jirani alikufa kwa kuharisha. Siku moja tuko kisimani, wanawake tunangoja maji yajae, mke wa Masele kapita na ndoo. Mimi nikasema: "Macho yale hayajawa mekundu kwa moshi tu."

Wakacheka. Nilisema ili wacheke.

Siku ya pili jioni wanaume walikuja na fimbo. Hawakumpiga, walimwambia atoke. Masele alikaa ndani, hakutoa neno. Mkewe alikuwa amejifungua siku sita zilizopita. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Alipita mbele ya mlango wangu na mtoto mgongoni, ndani ya gunia, mtoto analia, na akasimama.

"Mama Luhaga," alisema. "Mimi nakwenda. Nipokelee mtoto tu, mpaka kitovu kidondoke. Anaitwa Mayala."

Wale wanaume walikuwa wanatazama.

Nikafunga mlango.

Ndiyo hivyo. Alichukua njia ya ziwani, na hatukusikia tena habari yake wala ya mtoto. Hakuna aliyeuliza.

Nice alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mwalimu yule, hajui kupiga kelele.

"Anaitwa nani?" akauliza. "Huyo mke wa Masele. Jina lake."

Nikalitafuta.

Sikulijua. Tulimwita mke wa Masele, na baadaye tukamwita lile neno lingine.

Asubuhi, jua limeshatoka vizuri, nikashuka. Nilikwenda peke yangu na kijiti cha kuchimbia mihogo. Watu wanapiga mswaki milangoni, wananisalimia. Nilipita kati ya yale mawe mawili aliyopita yeye. Upande wa pili kuna nafasi ndogo kama jiko la mtu mmoja, na maji ya ziwa yanalamba pembeni. Ardhi ilikuwa imechimbwa. Kijishimo kimefukiwa, udongo mbichi, si kikubwa kuliko sahani. Juu yake uzi wa katani.

Nikajua kitovu chetu kiko humo. Nikichimbe, nikirudishe nyumbani, nikifukie uani. Basi.

Nikapiga magoti. Nikachota udongo mara ya kwanza.

Mtoto akalia.

Mbali. Nikadhani ni wa nyumba za jirani.

Nikachota mara ya pili. Kilio kikasogea. Kile kile, nilikijua, nilikibeba mgongoni jioni nzima. Kilio cha mjukuu wangu. Nikainua kichwa kutazama juu, kwenye nyumba yetu.

Hakikutoka juu.

Kilitoka chini ya kijiti.

Nikachimba kwa vidole. Nakwambia nilichimba kama mbwa. Mara ya tatu, ya nne... na hapo ndipo nikasikia juu mlimani sauti ya Nice, yule asiyepiga kelele.

"Mama! Mtoto anakabwa! Mama!"

Nikasimamisha mikono. Huku chini mtoto analia. Kule juu mtoto anakufa. Nikachota tena, kidogo tu, kujaribu.

Nice akapiga ukelele mmoja mrefu.

Nikarudisha udongo. Wote. Kadiri nilivyorudisha, kilio cha chini kilififia, kikawa kama cha mtoto aliyefunikwa blanketi, kikawa kama cha paka. Nikakandamiza kwa viganja. Kikaisha.

Nilimkuta Nice katikati ya chumba, mtoto amemlaza kifudifudi mkononi, anampigapiga mgongoni. Uso wa mtoto umekuwa wa bluu. Nikampokonya. Nikaingiza kidole kinywani.

Nikatoa udongo.

Udongo mbichi, wenye mchanga wa ziwa. Donge moja. La pili. La tatu. La nne. Na la tano, dogo. Nilihesabu bila kutaka. Ilikuwa sawasawa na nilivyochota.

"Hajatoka mikononi mwangu," Nice anasema. "Hajatoka mikononi mwangu, Mama, wallahi..." Na yeye ni Mlutheri.

Mtoto alivuta pumzi. Akanitazama. Siku tatu alitazama ukuta, sasa ananitazama mimi.

Ukitaka kujua nilifikiria nini, sikufikiria. Nice alikuwa amesimama pale na maziwa yamelowanisha gauni. Alitaka mtoto aishi. Alitaka huyu, aliyekuwa mkononi.

"Karibu, Mayala," nikasema.

Akafungua kinywa, akageukia kifua cha Nice, akanyonya mpaka akasinzia.

Sasa amefikisha miaka miwili. Ana afya, meno yote, anakula ugali kuliko baba yake. Nice anampenda, na sijamwambia nilichosikia kwenye lile shimo. Anajua kuhusu udongo tu, na juu ya udongo ameshajitengenezea maelezo yake. Mwache.

Nilikwenda kijijini kuuliza jina la yule mwanamke. Nilitaka nilitaje pale kwenye mawe, niombe radhi kwa mtu mwenye jina. Masele alishakufa. Nikauliza nyumba nne. Hakuna anayekumbuka. Nyumba ya tano kijana mmoja aliniangalia muda mrefu. Na mimi siku hizi nakaanga mapanki kwa Teodora, moshi umenikaa.

"Bibi," akasema, "macho yako yana nini?"

Nilipanda gari la kwanza.

Kuna kitu kimoja tu Nice analalamika. Mtoto hataki kutoka. Ukimbeba kuvuka kizingiti anajikaza kama ubao, anashika miimo ya mlango kwa mikono miwili mpaka kucha zinaacha alama. Jua la asubuhi hajalipata hata siku moja.

"Mtoto gani huyu hataki kutembezwa?" Nice anasema. "Wenzake wako mpaka barabarani."

Mimi nakaa kimya. Mimi, kukaa kimya.

Kwa sababu kila siku, jua likishazama na mwanga bado upo, harufu ya mapanki inakatika. Redio za jirani zinapotea. Na huko njiani kati ya mawe mtoto mchanga anaanza kulia. Ni kilio kile cha kutafuta jina. Miaka miwili, na sauti haijakua. Bado ana siku sita.

Luhaga hasikii. Nice hasikii, anasahihisha madaftari. Tunasikia wawili.

Juzi kilifika mpaka uani. Kwa mara ya kwanza. Kikawa pale, nyuma ya mlango, na miguu iliyolowa ikasimama kizingitini. Pwa. Na ile sauti ya kijana ikanong'ona kwa adabu kabisa:

"Mama Luhaga. Nipokelee mtoto."

Jina la mjukuu wangu wa damu nilikuwa nalo mdomoni. Nkwabi. Nimekuwa nalo mdomoni miaka miwili. Nikainuka. Nikashika komeo, nikalivuta nusu.

Kitu kikanishika kanga kwa nyuma. Nikatazama chini. Mayala amesimama, amekumbatia mguu wangu, ameninyanyulia uso. Macho yake mazuri, meupe. Kule ndani mama yake anaimba wimbo wa kanisa taratibu, anageuza ukurasa.

"Bibi," akasema. "Mimi nimeshaingia."

Akanyoosha mkono kwenye komeo.

"Funga."

Huko nje kilio kikapanda.

Nikafunga mlango.